Baruapepe ya kupiga hodi: namna ya kumwandikia mteja asiyekujua hadi akujibu

Hoteli yenye vyumba 40 pale Paje hununua kahawa mwaka mzima. Mkaangaji wa kahawa aliyeko Moshi hahitaji kupanda basi na boti ili agonge kila lango la pwani ya mashariki ya Unguja, kwa kuwa anaweza kuandika baruapepe. Shida ni kwamba meneja wa hoteli hiyo huandikiwa pia na wauza samaki, sabuni, mashuka, vinywaji na paneli za sola, na barua nyingi zimeandikwa kana kwamba zinamfaa mtu yeyote. Anazifuta kabla ya kuzifungua.

Nitautumia mfano huu wa kahawa mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ushauri wa mauzo usio na bidhaa wala mteja humwacha msomaji mikono mitupu. Ukiuza asali ya Tabora, huduma ya uhasibu Nakuru au vifungashio Kampala, badili bidhaa na ufuate njia ile ile. Ninaloamini kuliko yote ni kwamba jibu hutafutwa kabla ya kuandika neno la kwanza. Nusu saa ya kumchunguza mteja mmoja ina thamani kubwa kuliko tangazo zuri lililotumwa kwa anwani mia tano.

Hatua ya 1: Chagua wachache na uwasome

Anza na hoteli ishirini, usizidishe. Zichague kwa kigezo kinachohusu bidhaa yako. Kwa kahawa iliyokaangwa, tafuta hoteli yenye mashine ya espresso, kwa kuwa inayompa mgeni maji ya moto na kopo la kahawa ya unga haitakuelewa kwa barua moja. Mashine utaiona kwenye picha za Instagram, nyuma ya kaunta ya baa. Menyu ya mgahawa itakuonyesha kama wanauza kapuchino na kwa bei gani.

Kisha soma maoni ya wageni kwenye TripAdvisor, Booking.com na Google. Hii ndiyo kazi yenye faida kuliko zote, na wauzaji wengi hawaifanyi. Usiishie kwenye nyota. Tafuta maneno "kahawa" na "kifungua kinywa" katika maoni ya miezi ya karibuni, kwa Kiingereza, Kitaliano au lugha yoyote inayotumiwa na wageni wao. Utakuta mgeni aliyefurahia matunda na chapati lakini akashangaa kwamba nchi inayolima kahawa ilimpa kahawa isiyo na ladha. Utakuta mwingine aliyeuliza wapi anunue kahawa ya Tanzania ya kurudi nayo nyumbani. Huyo wa pili ni dhahabu kwako, kwa maana anaonyesha kwamba hoteli inaweza kuuza mifuko yako pale mapokezi mbali na kuitumia jikoni.

Tahadhari moja, nayo ni nzito. Usimwandikie meneja kwamba wageni wake wanalalamika. Hata kama ni kweli, unamwaibisha mtu hujamsalimu vizuri, na barua yako anaweza kuisoma mbele ya bosi wake. Chukua lile la kujenga: "Nimesoma mgeni wenu akiuliza wapi apate kahawa ya Tanzania ya kubeba." Na liwe kweli. Meneja akifungua maoni yake na asilione, mlango umefungwa kabisa.

Kwa kila hoteli andika sentensi moja kwenye daftari au jedwali: kwa nini hoteli hii, wiki hii. Mgahawa mpya umefunguliwa. Wametangaza nafasi ya kazi ya barista, yaani mtengenezaji wa kahawa kwa mashine. Wamebadili menyu. Sentensi ikikushinda, iruke hoteli hiyo uende kwa inayofuata. Hujapata la kumwambia bado.

Hatua ya 2: Mjue anayeamua

Barua iliyokwenda info@ husomwa na mpokezi mwenye wageni wanaosubiri funguo. Kwenye nyumba ndogo ya wageni yenye vyumba kumi, mwamuzi ni mwenye mali au meneja wake. Hoteli ya kati ina meneja ununuzi, lakini kahawa kwa kawaida huamuliwa na meneja wa chakula na vinywaji, na mpishi mkuu ana sauti. Hoteli za makampuni makubwa huwa na utaratibu wa kuwasajili wasambazaji, na barua yako ya kwanza huko iulize utaratibu huo tu.

Namna rahisi ya kupata jina ni simu. Piga mapokezi mchana, salimia, sema: "Naomba kujua nani anashughulikia ununuzi wa kahawa na vinywaji, na anwani yake ya kazini ya baruapepe." Watu wa mapokezi ni wakarimu kwa anayesema shida yake wazi. Ukipewa jina, uliza linavyoandikwa. Kukosea jina la mtu kwenye mstari wa kwanza ni kumwambia kwamba hukujali.

Suala la lugha liamue hapa hapa. Mwandikie mtu kwa lugha anayoitumia na wenzake kazini. Meneja ununuzi aliyezaliwa Makunduchi ataifurahia barua ya Kiswahili fasaha. Meneja mkuu mgeni kwenye hoteli ya Kiwengwa atahitaji Kiingereza. Kuchanganya lugha mbili ndani ya sentensi moja kunaifanya bidhaa yako ionekane haina mwenyewe.

Hatua ya 3: Hakikisha barua inafika

Hapa nitapita haraka, ila usiruke. Tumia anwani yenye jina la biashara yako, kwa mfano inayoishia na .co.tz au .co.ke, badala ya anwani ya bure yenye tarakimu za mwaka wako wa kuzaliwa. Kampuni inayokuhifadhia tovuti ikusaidie kuweka SPF, DKIM na DMARC. Hizi ni rekodi tatu zinazowathibitishia akina Gmail kwamba barua imetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wamekaza masharti: anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na zote tatu, na malalamiko ya barua taka yabaki chini ya asilimia 0.3. Wewe hutafika kiasi hicho, lakini mtumaji mdogo asiyejithibitisha naye huishia kwenye kikasha cha barua taka.

Barua ya kwanza isiwe na kiambatisho wala picha nzito, na viungo visizidi kimoja. Tuma kwa mtu mmoja mmoja. Orodha ya watu sitini waliowekwa kwenye nakala fiche (Bcc) haimhusu hata mmoja wao, nao wanalijua hilo.

Sheria nazo zipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019. Mtu akikuambia usimwandikie tena, mwondoe siku hiyo hiyo. Na wewe unayewaza kuuza Ujerumani, fahamu kwamba sheria ya huko inadai ridhaa ya mpokeaji kabla ya kumtumia baruapepe ya matangazo, hata kama ni kampuni. Huko tafuta wakala, au kutana na wanunuzi kwenye maonyesho ya biashara.

Hatua ya 4: Kichwa na maneno ya mwanzo

Meneja anasoma simuni. Kioo kinamwonyesha jina lako, maneno matano au sita ya kichwa na kipande cha mstari wa kwanza. Anaamua kwa hayo.

Sasa tazama barua tuliyofundishwa shuleni na maofisini:

*YAH: OMBI LA KUWA WASAMBAZAJI WA KAHAWA BORA*
*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima wa afya na unaendelea vema na majukumu ya kila siku. Sisi ni kampuni inayoongoza katika uzalishaji wa kahawa yenye ubora wa hali ya juu kwa bei nafuu. Tafadhali rejea kiambatisho kwa maelezo zaidi. Ni matumaini yetu kuwa ombi letu litapokelewa. Wako katika ujenzi wa taifa.*

Barua hii ina adabu, na adabu yake ni ya kweli. Lakini kwenye simu ya meneja linaonekana "YAH: OMBI LA KUWA WASAM…" na chini yake "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Ameshajua ni muuzaji, hajajua anauza nini wala kwa nini kwake. Neno "ombi" nalo limekushusha: unaleta kahawa nzuri kwa mtu anayeihitaji, hujaja kuomba msaada.

Kichwa kitaje kitu chako na mahali pake kwa maneno machache: "Kahawa ya Moshi kwa mgahawa wenu wa Paje". Herufi kubwa tupu, alama za mshangao na maneno kama "OFA KABAMBE" yaache kwenye mabango. Pia usiandike "Re:" mwanzoni ili ionekane kama mmeshawahi kuandikiana. Huo ni uongo, na mtu aliyedanganywa kwenye kichwa hakuamini kwenye bei.

Salamu usiiondoe. Kwetu, na Zanzibar zaidi, kuingia na habari bila salamu ni utovu wa adabu, hata kwa barua. "Habari za asubuhi, Bi." na jina lake inatosha. Ukijua kwamba Assalaam aleikum ndiyo salamu ya ofisi yao, itumie. Yale ya afya, familia na majukumu yasubiri mtakapozoeana. Mara baada ya salamu, ingiza ile sentensi uliyoiandika kwenye daftari.

Hatua ya 5: Aya tatu fupi

Aya ya kwanza inamhusu yeye: ulichokiona kwake. Ya pili inahusu bidhaa yako, ikiwa na mambo anayoweza kuyapima. Ya tatu ina ombi moja dogo. Hivi ndivyo ningeandika:

*Habari za asubuhi, Bi. (jina),*

*Nimeona kwenye menyu yenu mpya kwamba mgahawa wa ufukweni sasa unauza espresso na kapuchino, na nimesoma mgeni wenu akiuliza wapi apate kahawa ya Tanzania ya kubeba.*

*Ninakaanga arabika ya Kilimanjaro hapa Moshi kila Jumatatu, na kila mfuko una tarehe ya kukaangwa. Bei ni shilingi 36,000 kwa kilo, usafiri hadi bandari ya Malindi, Unguja, ukiwemo. Kikombe cha espresso mbili kwa pamoja hutumia gramu 18, kwa hiyo kahawa ya kikombe hicho inawagharimu takribani shilingi 650. Kila mzigo una risiti ya EFD.*

*Je, nitume nusu kilo bila malipo ili barista wenu aijaribu wiki ijayo? Ukijibu "ndiyo" na jina la wa kuipokea, inatosha.*

*(Jina lako), mkaangaji kahawa, Moshi*
*Simu na WhatsApp: (namba)*

Bei hii ni ya mfano. Weka yako, ukieleza kama VAT imo au haimo. Lakini angalia kazi inayofanywa na hesabu ya kikombe. Meneja hanunui kilo kwa raha ya kilo. Anauza vikombe, na menyu yake inamwambia kikombe kimoja kinaingiza kiasi gani. Ukimfanyia hesabu ya 36,000 mara 18 gawanya kwa 1,000, umemwondolea kazi na umemwonyesha kwamba unaijua biashara yake. Kila bidhaa ina kipimo cha aina hii: sabuni kwa chumba, sola kwa lita za maji zinazopandishwa, uhasibu kwa saa anazookoa mwenye duka kila mwisho wa mwezi. Kitafute kipimo hicho hata kikikuchukua siku nzima, kwa sababu utakitumia miaka.

Maneno "bora", "nafuu", "ya kipekee" na "tunaongoza" hayana kipimo, na kila muuzaji anayo. Tarehe ya kukaangwa ina kipimo. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, ina uzito wake pia, kwa kuwa mhasibu wa hoteli ataiuliza kabla ya kukulipa; kwa Kenya weka ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya huko, ambayo mnunuzi anaihitaji ili matumizi yake yakubalike kwenye hesabu za kodi.

Ombi liwe moja, na liwe dogo kiasi kwamba kukubali ni rahisi kuliko kufikiria. Kuomba mkutano, mkataba au "ushirikiano mwema" kwenye barua ya kwanza ni kumtwika mzigo mtu asiyekujua. Nusu kilo inatoa vikombe ishirini na saba hivi, na vichache vya mwanzo vitaishia kwenye kurekebisha mashine ya kusagia. Kiasi hicho kinatosha barista kuamua.

Ukimaliza, isome kwa sauti kama unamsomea meneja aliyesimama mbele yako. Sentensi inayokukwamisha ulimi, ikate. Kisha jitumie mwenyewe kwanza, uifungue kwenye simu, uone kama aya tatu zinaonekana bila kusogeza kioo mara nyingi.

Hatua ya 6: Msimu na saa

Zanzibar wageni hupungua wakati wa masika, Machi hadi Mei, na baadhi ya hoteli hufunga Aprili na Mei ili zipake rangi, zirekebishe na kupanga upya. Hapo ndipo menyu zinabadilishwa na wasambazaji wanafikiriwa. Barua ya mwishoni mwa Aprili humkuta meneja mwenye nafasi ya kufikiri. Ile ya Agosti inamkuta vyumba vimejaa na jenereta limeharibika. Kila biashara ina masika yake. Shule hupanga manunuzi kabla muhula haujafunguliwa, na ofisi nyingi za serikali ya Tanzania huanza mwaka mpya wa fedha tarehe 1 Julai.

Kwa siku, napendelea Jumanne hadi Alhamisi. Jumatatu ni ya kuhesabu stoo, Ijumaa mchana ni ya msikitini. Mpishi mkuu mwandikie saa tisa alasiri, kati ya chakula cha mchana na maandalizi ya usiku. Mwezi wa Ramadhani andika asubuhi, na kumi la mwisho liache lipite.

Hatua ya 7: Fuatilia mara mbili, kisha acha

Kimya mara nyingi maana yake ni shughuli. Subiri siku tano za kazi, kisha jibu ndani ya barua ile ile ya kwanza ili historia ionekane. Usiandike "nakukumbusha" wala "sijapata jibu lako", kwa maana unamhesabia deni asilokopa. Leta jambo jipya:

*Habari za leo, Bi. (jina). Nyongeza ndogo kwa barua ya wiki iliyopita: nina pia mifuko ya gramu 250 yenye tarehe ya kukaangwa, inayofaa kuuzwa pale mapokezi kwa wageni wanaotaka kubeba. Niongeze miwili kwenye sampuli?*

Baada ya wiki mbili nyingine, andika ya mwisho, na hii mpe ruhusa ya kukataa: "Kama mna msambazaji mnayeridhika naye, niambie tu nami sitaendelea kukusumbua." Watu wetu wanaona vibaya kumwambia mtu hapana, hivyo hunyamaza au husema "tutakujulisha". Ukimrahisishia hapana, anakujibu, na kwenye jibu hilo mara nyingi kuna taarifa: mkataba unaisha Desemba, au anayeamua ni mwingine. Iandike kwenye jedwali pamoja na tarehe ya kurudi.

Usimrukie WhatsApp kabla hajakuruhusu. Namba umeiweka chini ya barua. Akitaka njia ya haraka ataichagua mwenyewe, na Afrika Mashariki wengi wataichagua.

Kupima maendeleo, hesabu majibu tu. Programu zinazodai kukuonyesha nani amefungua barua zinapotosha, hasa tangu 2021 Apple ilipoanzisha ulinzi unaopakua picha za barua hata kama mtu hajaisoma. Kwa barua ishirini bila jibu hata moja, rudi kwenye sentensi za hatua ya kwanza kabla ya kugusa kichwa au bei. Karibu kila mara tatizo liko kule.

Hatua ya 8: Akijibu

Jibu siku hiyo hiyo, ndani ya saa moja ukiweza. Akiandika "tuma bei", mtumie ukurasa mmoja wa PDF: bei kwa kilo, kiasi cha chini cha kuagiza, siku za kukaanga, siku mzigo unapofika, namba ya mlipakodi na masharti ya malipo. Hoteli nyingi hulipa baada ya siku 30 au zaidi, kwa hiyo amua mapema kiasi gani unaweza kukopesha bila kuua mtaji wako, na ukiseme bila kigugumizi. Akisema bei ni kubwa, usiishushe papo hapo. Muulize kwanza anachonunua sasa na kwa kikombe kinamgharimu kiasi gani, kwa sababu huenda analinganisha na kahawa ya unga ya kopo.

Akikubali sampuli, ikaange baada ya kukubaliwa, usitume iliyobaki dukani. Weka ndani karatasi ndogo yenye gramu, sekunde na ujazo unaopendekeza, na mpigie barista siku mbili baada ya mzigo kufika umuulize ilivyomtokea. Nje ya mfuko andika kwa kalamu isiyofutika tarehe ya kukaangwa, jina la aliyeiomba na namba yako ya simu, kwa kuwa mfuko huo utapita kwa mlinzi wa lango, mapokezi na stoo kabla ya kufika kwenye mashine.